Kutoka Versailles hadi Kalenga: kuifuata Ibara ya 246

Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita ya Kwanza ya Dunia, una ibara 440. Inayotajwa zaidi ni ya 231, iliyoibebesha Ujerumani na washirika wake lawama ya vita. Safari hii inaifuata ya 246, ambayo wageni wengi wa Kasri la Versailles, ulikotiwa sahihi, hawajawahi kuisikia: iliitaka Ujerumani ikabidhi kwa serikali ya Uingereza, ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, fuvu la Sultani Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililokuwa limepelekwa Ujerumani. Ibara hiyohiyo inadai pia Msahafu wa Khalifa Othman urudishwe kwa mfalme wa Hijazi.

Ratiba inaanza Jumatano kwa makusudi. Kasri la Versailles hufungwa Jumatatu, Jumanne hufurika kwa sababu hiyohiyo, na makumbusho ya Bremen nayo hayafunguliwi Jumatatu. Viza moja ya Schengen inatosha kwa Ufaransa na Ujerumani. Iombe kwenye ubalozi wa nchi utakayolala siku nyingi zaidi, na kwa ratiba hii ni Ufaransa.

Siku ya kwanza, Jumatano: Paris – Versailles

Treni ni RER C, na kituo cha kushukia ni Versailles Château Rive Gauche. Kosa la kawaida ni kupanda RER C yoyote inayopita. Njia hiyo ina matawi: moja huishia Versailles Chantiers, ambako utatembea mbali zaidi, jingine huenda Saint-Quentin-en-Yvelines. Soma ubao wa jukwaani kabla ya kupanda. Kutoka Rive Gauche ni dakika kama kumi kwa miguu hadi kwenye geti. Tangu Januari 2025 nauli ya treni ni moja kwa mkoa mzima wa Paris, isipokuwa safari za uwanja wa ndege, ambazo zina tiketi yake.

Tiketi ya kasri hununuliwa mtandaoni, na huwa na saa yake ya kuingia. Kasri hufunguliwa saa tatu asubuhi. Kuanzia Aprili hadi Oktoba hufungwa saa kumi na mbili na nusu jioni, miezi mingine saa moja mapema. Makundi ya mabasi ya watalii huja asubuhi, kwa hiyo chagua saa tisa au saa kumi alasiri. Mabegi makubwa hayaingii. Ukishapita vyumba vya mfalme, mkondo wa watu ni mmoja tu na kurudi nyuma ni taabu, basi usikimbilie mbele kabla hujamaliza pale ulipo.

Vyumba hivyo vinakufikisha kwenye Chumba cha Vita, pembe ya kaskazini ya Ukumbi wa Vioo. Simama hapo. Ukutani kuna umbo kubwa la yai lililochongwa na Coysevox: Louis XIV juu ya farasi akiwakanyaga maadui. Upande wa pili wa ukumbi, kusini, ni Chumba cha Amani. Ukumbi wenyewe, uliojengwa kati ya 1678 na 1684 na Jules Hardouin-Mansart, una urefu wa mita 73, upana wa mita 10.5 na kimo cha mita 12.3. Madirisha ni 17 yanayotazama bustani, na mkabala wake kuna matao 17 ya vioo. Kila tao ni vipande 21, jumla vipande 357, kwa kuwa mafundi wa wakati ule hawakuweza kutengeneza kioo kimoja cha ukubwa ule. Madirisha yanaelekea magharibi, ndiyo maana alasiri jua huingia moja kwa moja na vioo hulirudisha. Ukija asubuhi utakuta ukumbi umepooza.

Inua macho. Charles Le Brun alichora darini vita vya Louis XIV dhidi ya Uholanzi na washirika wake, hadi amani ya 1678. Ukumbi huu ulikuwa wa kujisifia ushindi tangu siku ya kwanza. Na gharama za kujisifia zilijulikana mapema: samani za fedha tupu zilizokuwa humu ziliyeyushwa 1689 ili kulipia vita vilivyofuata.

Yaliyotokea humu baadaye yasomwe kwa mfuatano. Mwaka 1870 jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani, liliuzingira mji wa Paris, likafanya Versailles makao makuu, na majeruhi wake wakalazwa kwenye ukumbi huu. Tarehe 18 Januari 1871 Milki ya Ujerumani ilitangazwa papa hapa, kwenye sebule ya mshindwa. Amani iliyotiwa sahihi Frankfurt Mei mwaka huo iliitwaa Alsace na sehemu ya Lorraine, na ikadai faranga bilioni 5. Askari wa Ujerumani wangebaki kwenye ardhi ya Ufaransa mpaka deni liishe. Ufaransa ilimaliza kulipa Septemba 1873, na askari wakaondoka.

Amani ile ilikuwa kali, lakini ilikuwa na kiasi kinachojulikana na njia ya kukikusanya. Kumbuka hilo unapofika kwenye tarehe 28 Juni 1919.

Siku hiyo, miaka mitano kamili tangu mwanamfalme wa Austria Franz Ferdinand auawe Sarajevo na vita kuwaka, Wajerumani wawili waliingizwa ukumbini: Hermann Müller, waziri wa mambo ya nje, na Johannes Bell. Huyu wa pili ndiye wa kumtazama kwa jicho letu, maana alikuwa waziri wa makoloni. Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, alikuwa ameagiza askari watano wa Ufaransa walioharibika nyuso vitani wawekwe mahali ambapo Wajerumani wangewaona. Sahihi zao ziliwekwa baada ya saa tisa alasiri, na shughuli nzima haikufika saa moja. China haikuja, kwa hasira ya jimbo lake la Shandong kupewa Japani. Miongoni mwa waliotia sahihi kulikuwa na Liberia na Afrika Kusini ya makaburu na Waingereza. Tanganyika, Rwanda na Burundi zilijadiliwa bila mwenyeji hata mmoja.

Usitegemee maelezo ya ukutani yakueleze haya yote. Mengi yanahusu mapambo. Soma kabla ya kwenda.

Siku ya pili, Alhamisi: Trianon tatu

Asubuhi iache kwa ajili ya mji. Rue des Réservoirs, kando ya kasri, ndiko ilikokuwa Hôtel des Réservoirs, makazi ya ujumbe wa Ujerumani mwaka 1919. Mwendo mfupi kaskazini, pembezoni mwa bustani, upo Trianon Palace. Jina linapoteza watu: hiyo ni hoteli ya 1910, wala si kasri. Lakini ina historia yake, kwa kuwa humo, tarehe 7 Mei 1919, Wajerumani walikabidhiwa masharti kwa mara ya kwanza. Hawakuruhusiwa kujadiliana ana kwa ana. Walipewa siku 15 kujibu kwa maandishi. Kiongozi wao, Brockdorff-Rantzau, alijibu hotuba ya Clemenceau akiwa ameketi, na washindi wakaona ni dharau. Serikali ya Ujerumani ya Scheidemann ilijiuzulu tarehe 20 Juni kuliko kutia sahihi.

Masharti yenyewe kwa ufupi: jeshi lisizidi watu 100,000, jeshi la anga lisiwepo, ukanda wa kilomita 50 mashariki ya Rhine usiwe na askari wala ngome, Alsace na Lorraine zirudi Ufaransa, Saar iwe chini ya Shirikisho la Mataifa kwa miaka 15. Ibara ya 119 iliyafuta makoloni yote ya Ujerumani kwa sentensi moja.

Palipoharibika zaidi ni kwenye fidia. Mkataba ulisema Ujerumani italipa, haukusema kiasi gani. Kiasi kilipangwa London 1921: marki za dhahabu bilioni 132. Kiligawanywa mafungu matatu, la 12, la 38 na la 82, na hilo la mwisho wataalamu wenyewe hawakutarajia lilipwe. Kwa hiyo deni la kweli lilikuwa bilioni 50, na mengine yalikuwa ya kuwatuliza wapiga kura wa Ufaransa na Uingereza. Lakini mpiga kura wa Ujerumani naye aliisikia ile 132. Mwaka 1923 Ufaransa na Ubelgiji ziliingia Ruhr kuchukua makaa ya mawe kwa nguvu. Serikali ya Ujerumani ikawalipa wafanyakazi waliogoma kwa kuchapa noti, na Novemba dola moja ilifika marki trilioni 4.2. Fidia ilipofutwa kwenye mkutano wa Lausanne 1932, kilichokuwa kimelipwa ni takriban bilioni 20. Riba ya mikopo iliyochukuliwa kulipia fidia hiyo ilimalizwa 3 Oktoba 2010.

Mchana nenda Grand Trianon. Hufunguliwa saa sita mchana, si mapema, na wengi hufika asubuhi wakakuta mlango umefungwa. Kutoka kasri kubwa ni nusu saa kwa miguu, au kigari cha utalii, ambacho tiketi yake ni ya pembeni. Jengo ni la 1687, la chini tu bila ghorofa, lenye nguzo za marumaru ya waridi. Tafuta Ukumbi wa Cotelle, uliotundikwa picha za bustani jinsi zilivyokuwa zamani. Humo, tarehe 4 Juni 1920, Hungaria ilitia sahihi mkataba wake. Bila kuhesabu Kroatia, eneo lake lilishuka kutoka kilomita za mraba 282,000 hadi 93,000, na watu kutoka milioni 18 hadi chini ya milioni 8. Zaidi ya Wahungaria milioni 3 walijikuta raia wa nchi jirani. Ukikuta kundi la Wahungaria kwenye ukumbi huu, wape nafasi. Kwao 4 Juni ni siku ya taifa ya kumbukumbu.

Petit Trianon iko jirani na imo kwenye tiketi hiyohiyo. Ni nzuri, ila kwa habari hii haina la kuongeza.

Siku ya tatu, Ijumaa: Compiègne

Treni inaondoka Gare du Nord na huchukua chini kidogo ya saa moja au zaidi, kutegemea vituo. Uwanja wa msituni uko kilomita kadhaa nje ya mji. Usafiri wa umma kwenda huko ni haba, kwa hiyo panga teksi ya kwenda na kurudi kabla hujaondoka kituoni. Kasri la kifalme la Compiègne, mjini, hufungwa Jumanne.

Kwenye uwanja huo wa msituni, alfajiri ya 11 Novemba 1918, ndani ya behewa namba 2419D, Ujerumani ilisaini kusimamisha vita. Kifungu cha 17 cha mapatano hayo kilihusu Afrika Mashariki peke yake: majeshi ya Ujerumani huko yaondoke. Kamanda wao huko, von Lettow-Vorbeck, alikuwa bado anapigana, habari zikamfikia akiwa Zambia ya leo siku mbili baadaye, na akasalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba.

Aliyeongoza ujumbe wa Ujerumani behewani, Matthias Erzberger, aliuawa na wazalendo wenye siasa kali Agosti 1921. Juni 1940 Hitler aliagiza behewa litolewe kwenye jumba lake la kumbukumbu na kurudishwa mahali palepale, Ufaransa ikasalimu amri humo tarehe 22. Kisha behewa likapelekwa Berlin, na liliteketea 1945 Ujerumani. Linaloonyeshwa leo ni ndugu yake, namba 2439D. Sanamu ya Foch, jemadari wa Ufaransa aliyepokea sahihi ya 1918, ndiyo pekee iliyoachwa wakati Wajerumani walipobomoa uwanja, ili itazame magofu.

Siku ya nne, Jumamosi: Paris – Köln – Bremen

Siku ya treni. Gare du Nord hadi Köln ni saa tatu na ushei, kisha unabadilisha kwenda Bremen, kama saa tatu nyingine. Treni za masafa marefu za Ujerumani huchelewa mara kwa mara; acha nafasi ya saa nzima Köln, na nunua tiketi moja ya safari yote kama inapatikana, ili ukikosa treni ya pili usilipe upya.

Siku ya tano, Jumapili: Bremen

Übersee-Museum liko kwenye uwanja wa kituo kikuu cha treni. Usiende ukitarajia kuona mafuvu. Yalikuwa stoo, na siku hizi mabaki ya binadamu hayawekwi hadharani.

Kilichotokea ni hiki. Byatt, mtawala wa kwanza wa Kiingereza wa Tanganyika, ndiye aliyependekeza fuvu lidaiwe, ili Wahehe waone nani sasa mwenye nguvu. Dai likaingia kwenye mkataba. Mkataba ulianza kutumika 10 Januari 1920, miezi sita ikapita, Wajerumani wakajibu kwamba hawajui lilipo, na Waingereza wakaacha kulifuatilia. Hakuna aliyekuwa ameandika fuvu lina alama gani, lilipelekwa mji gani, au nani angethibitisha kwamba ndilo. Ilikuwa fidia ya bilioni 132 kwa umbo dogo: dai kubwa, kipimo hakuna.

Gavana Edward Twining alilifufua suala hili baada ya vita ya pili. Alifika Bremen 1953, penye mafuvu kama 2,000, kati yake 84 kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, akachagua yale yanayokaribiana navyo, na katika hayo akachukua lililokuwa na tundu la risasi. Kipimo cha kichwa hurudiwa na watu wengi wasio ndugu, na risasi haikumpiga Mkwawa peke yake. Kwa hiyo shaka haijaisha kati ya wanahistoria, na haki ni kuitaja.

Siku ya saba, Jumanne: Dar es Salaam

Jumatatu inaliwa na ndege. Jumanne pumzika, kisha tembea katikati ya jiji. Sanamu ya Askari, ya 1927, ni kumbukumbu ya vita hivyo upande wetu. Bandarini kuna kisa ambacho hata wenyeji wengi hawakijui: Ubelgiji, ikiwa imepewa Ruanda-Urundi, ilipatana na Uingereza mwaka 1921 ipangishiwe milele maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Burundi ipite bila ushuru. Tanganyika huru ilikataa kufungwa na mkataba ambao haikuutia sahihi. Ureno nayo ilipata pembe ya Kionga, kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Ndiyo maana leo iko Msumbiji.

Siku ya nane, Jumatano: Dar – Iringa

Basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi. Panda la alfajiri. Safari ni kilomita 500 hivi, saa nane hadi tisa mambo yakienda sawa. Unaweza kuchukua SGR hadi Morogoro na kudandia basi Msamvu, lakini yanayofika pale mara nyingi yameshajaa. Yanayochelewesha ni mawili. Ndani ya hifadhi ya Mikumi mwendo una kikomo na kugonga mnyama kuna faini. Kisha Kitonga: lori moja likikwama kwenye kona, foleni hupanda na kushuka mlima mzima. Nunua maji Ruaha Mbuyuni, kabla ya mlima.

Kabla ya Iringa, kando ya barabara, kuna mnara wa Lugalo. Hapo, 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwawa lilikivunja kikosi cha Wajerumani cha kamanda von Zelewski na kumuua mwenyewe. Mnara huo ulijengwa na Wajerumani kwa ajili ya wafu wao.

Mashamba uyaonayo kuelekea nyanda za juu nayo yana mkono wa Versailles. Mkataba uliruhusu mali ya raia wa Ujerumani iuzwe. Mashamba yao Tanganyika yalipigwa mnada na wenyewe wakafukuzwa. Kuanzia 1925 waliruhusiwa kurudi, na baadhi wakaanza upya Iringa na Mufindi.

Siku ya tisa, Alhamisi: Kalenga

Daladala kutoka mjini, au bajaji kama mko watatu. Ni kama kilomita 15 kwa barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha. Mwambie kondakta unashuka makumbusho, kisha tembea kidogo. Kiingilio cha raia na mgeni ni tofauti, beba kitambulisho. Piga simu kwanza au fika asubuhi, kwani mhifadhi akiwa na kundi jingine utasubiri.

Kalenga ndiyo ilikuwa ikulu ya Mkwawa, ngome yenye ukuta, ambayo gavana wa Kijerumani von Schele aliivunja kwa mizinga 30 Oktoba 1894. Mkwawa alitoroka, akapigana msituni karibu miaka minne huku kichwa chake kikitangaziwa zawadi ya rupia 5,000, na akajiua kwa risasi 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Ukuta umebaki vipande tu, kwa hiyo uliza uonyeshwe ulikopita. Bila mwongozaji utaona shamba na nyumba za watu.

Fuvu limo ndani ya kabati la kioo. Twining alilikabidhi hapa tarehe 19 Juni 1954 kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Ni miaka 34 baada ya muda wa miezi sita kwisha. Mpokeaji hakuwa aliyetajwa: mkataba ulisema serikali ya Mfalme wa Uingereza, si Wahehe. Siku 18 baadaye TANU ilizaliwa. Uliza kabla ya kupiga picha, na vua kofia.

Siku ya kumi, Ijumaa: Mlambalasi

Kiwiliwili kilizikwa kwingine, Mlambalasi, upande wa barabara ya hifadhi ya Ruaha, takriban kilomita 50 kutoka mjini. Daladala hazifiki, kwa hiyo kodi gari au pikipiki na mpatane bei ya kusubiri, si ya kwenda tu. Kipande cha mwisho ni cha vumbi, na mwezi Machi hadi Aprili gari dogo hukwama. Ukienda na mwongozaji kutoka Kalenga utaonyeshwa pia pango la mwamba lililo karibu, ambalo wanaakiolojia wamechimba mabaki ya watu wa Zama za Mawe. Beba maji na chakula, maana duka la karibu liko mbali.